Fuko Aliyetaka Udongo

Hii ni ya wale ambao viatu vyao vimeisha soli kwa kupeleka CV.

Fuko alisomea uchimbaji hadi digrii, kisha akasugua benchi misimu saba nje ya kampuni ya mashimo, akinusa udongo mbichi waliochimba wengine. Siku ya intavyu, Tai, meneja, alimkodolea macho.

“Sori, binti. Wewe huoni.”

“Kwani bosi, shimoni kuna nini cha kuona?”

“Sera ni sera. Next!”

“Basi niandikie sababu hiyo.”

Tai anajivunia mwandiko wake. Akaandika: *Hafai, haoni.* Akagonga na muhuri.

Fuko akaipeleka barua Baraza la Kazi. Nyati, mwenyekiti, aliisoma akatikisa pembe. “Sheria inakataza kumnyima mtu kazi kwa ulemavu usioizuia kazi yenyewe. Tukupe fidia?”

“Sitaki fidia, mheshimiwa. Nataka udongo.”

Akaajiriwa. Siku ya kwanza Tai alishuka kukagua, akakwama gizani.

“Fuko! Uko wapi? Sioni kitu!”

Fuko alikuwa ameuzika uso udongoni, akivuta harufu taratibu kama aliyefika kwao.

“Subiri kidogo, bosi,” alisema. “Utazoea.”