Fisi Aliyetaja Ukoo Wake

Zamani wanyama walipokuwa na chuo chao cha kuunga mifupa, Fisi alitia nia ya kusoma huko. Kila mwombaji alijieleza mbele ya mkuu wa chuo, Bi Swala aliyechechemea, na kutaja ukoo kulikuwa hiari.

"Shoga, ukoo wako usiutaje," Mbweha alimnong'oneza kwenye foleni. "Wakisikia fisi, umekwisha. Mimi wangu nautia kapuni."

Mbweha akatangulia, akasema anaijua mifupa yote.

"Umeijulia wapi?" aliuliza Bi Swala.

Mbweha aliijulia kwenye mizoga, kama ukoo wake wote. Akababaika, akarudishwa nyumbani.

Fisi akasogea.

"Mimi ni fisi," alisema. "Kwetu tunatafuna mifupa tangu utotoni. Najua kila mmoja unavunjikia wapi, maana nimeshauvunja."

Waombaji wakarudi nyuma. Bi Swala alitetemeka, lakini akaunyoosha mguu wake mbovu. Fisi akaupapasa taratibu.

"Ulivunjika hapa, na hapa pia. Aliyekuunga, hapa pa pili hakupaona."

Bi Swala, angali akitetemeka, hakuuvuta mguu.

"Masomo yanaanza kesho," alisema. "Utakaa mbele, ninapokuona."