Skrubu ya Upande wa Besi

Krii. Krii. Krii.

Baba Kidoti alifumbua macho gizani. Sauti ilitoka sebuleni, ndogo, kama panya akiguguna mbao. Lakini mpiga gitaa anaijua sauti ya bisibisi yake. Akapapasa kitandani: upande wa mkewe mtupu.

Damu ikamchemka. Kumbe ndiyo mambo yenyewe!

Wiki nzima alihangaika na gitaa lile. Kila jioni aliishusha pikapu, ile sumaku inayokaa chini ya nyuzi. Aliishusha upande wa nyuzi nene, skrubu kidogo kidogo, mpaka besi ikaacha kuvuma na kila noti ikasikika safi. Kesho yake mazoezini anaikuta imepanda tena, inakaribia kugusa nyuzi, na mvumo ni ule ule, mzito, umejaa tope. Alishamtukana fundi wa watu kwamba skrubu zake zimelegea. Jana kiongozi wa bendi akamshushua mbele ya wote: "Wewe unapiga gitaa au unasukuma pipa? Kesho ukija na tope hilo, nafasi yako nampa mwingine."

Pipa! Vidole vimeota sugu miaka yote hii, leo aitwe msukuma mapipa!

Na nyumbani nako hapakaliki. Mke wimbo wake mmoja: tafuta kazi inayoeleweka. Mtoto naye jeuri tupu. Unamwita weee, haitiki mpaka umshike bega, halafu anakujibu kwa kelele kama yuko ng'ambo ya mto. Ila likipigwa gitaa, huyo anakuja mwenyewe, anaegemeza mgongo kwenye spika, katulia tuli.

Akatoka chumbani mbiombio, akapiga teke ndoo, hata hakujali.

"Leo nimekukamata, Mama Kidoti! Kama hutaki niende kwenye bendi si useme, kuliko kuniharibia kwa siri!"

"Nani kakuharibia nini?" Mkewe alichungulia kutoka jikoni, kiberiti mkononi. "Hata jiko sijawasha, ushaanza? Hilo gitaa lako kama nimeligusa, mkono unikatike."

"Sasa nani yuko huku?"

Krii.

Sebuleni mwanga wa alfajiri ulishaanza kupenya dirishani. Kidoti alikuwa amekaa sakafuni, kawapa mgongo, gitaa mapajani, anazungusha bisibisi kwa mikono miwili.

"Wewe!" baba alinguruma.

Mtoto hakugeuka.

"Wewe mtoto! Nasema na ukuta?"

Krii.

Akamfikia kwa hatua ndefu, akamkamata bega, mkono wa pili ameshauinua juu. Kidoti akashtuka, akageuka, akamkodolea macho midomoni. Kisha akasema, kwa kelele zake zile zile:

"Baba, ukiishusha sikusikii."