Misumari ya Vikombe

Katika ofisi ya walimu ya shule ile, kila mwalimu alikuwa na msumari wake ukutani wa kutundikia kikombe. Msumari wa Mwalimu Zawena waliupigilia juu kama mingine, naye alitembelea kiti cha magurudumu. Muhula mzima alikunywa chai pale tu mtu alipokumbuka kumteremshia kikombe.

Siku moja chai ya saa nne ilinywewa kwa ubishi juu ya mpango wa kuajiri walemavu.

“Sisi tulisota kwenye usaili,” alisema Mwalimu Hamdani. “Wengine wanabebwa na mpango.”

“Usaili huo tuliufanya wote, chumba kimoja,” Zawena alisema. “Nikakupita alama.”

“Dada, hatukusemi wewe.”

“Kwani hapa mlemavu nani mwingine?”

Mwalimu mkuu alikohoa, akasema wageni wa mpango wako njiani kuja kupiga picha, na Mwalimu Zawena akae mbele.

Kengele ikalia, wakaenda madarasani. Zawena hakuwa na kipindi. Alitoa nyundo na misumari kwenye droo ya vifaa, kisha kwa mpini wa ufagio akavitungua vikombe vyote, kimoja kimoja, vikamjaa mapajani. Chake alikipigilia msumari usawa wa bega lake. Cha Hamdani alikishusha hadi karibu na sakafu.

Wageni walipobisha hodi na kamera zao, alikuwa amebana msumari mwingine kwenye meno. Hakugeuka.