Mshumaa wa Radovan

"Shosho, ngoja! Usiuweke hapo!"

Jamani, kanisa zima liligeuka kuniangalia, mimi na simu yangu. Shosho, yule bibi Mserbia ninayemtunza huku ughaibuni, Kilburn, alikuwa ameinama na mshumaa wa pili mkononi. Kanisani kwao, walio hai huwashiwa juu na wafu huwashiwa chini, kwenye mchanga. Wa baba yake ulikuwa tayari unawaka huko chini. Huu ulikuwa wa ndugu yake mdogo, Radovan. Mama yao alimwambia wote wawili walifia kwenye kambi ya wakimbizi Italia baada ya vita, na yeye akaamini hivyo tangu utotoni.

Wiki tatu nyuma nilikuwa nimeomba nitumiwe orodha za zamani za wahamiaji. Sasa hivi zilikuwa zimeingia kwenye simu. Meli ya kwenda Australia, mwaka 1949. Jina la baba, na chini yake, kwa wino uliofifia: Radovan, miaka sita.

Nilimwonyesha. Aliisogeza simu mpaka ikagusa pua yake.

"Huyu mama yangu!" alisema. Nta ilimdondokea kidoleni, wala hakuipangusa.

"Pole, Shosho. Leo angekuwa na themanini na kitu. Hatujui kama yuko hai."

"Na nani anajua kama amekufa?"

Alijinyoosha polepole, akanishika bega, akainua mshumaa kuelekea juu.

"Usisimame tu hapo kama mlingoti, msichana. Ninyanyue, sifiki."