Kiboko Aachiwa Taji

Hapo kale, bwawa lilipokuwa na mwenyewe, mfalme alikuwa Kiboko. Neno lake lilikuwa sheria, na aliyembishia alikaliwa mpaka akubali.

Siku alipomkalia Kobe hadi gamba likapasuka, wanyama walichoka. Wakamzingira bwawani, na Nguchiro, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, akasema, "Mtukufu, taji baki nalo. Tutakuinamia, tutakuimbia, na nyasi tutakuletea. Ila kuanzia leo kuamua ni kazi yetu sisi Baraza. Wewe utasema 'naam' tu."

Kiboko akalia kama ndama. "Mfalme asiyeamuru ni mfalme gani?"

"Ni mfalme aliye hai," Nguchiro akamjibu.

Basi Kiboko akakubali, na Nguchiro akawa Waziri Mkuu.

Mwaka uliofuata mvua iligoma. Bwawa likawa tope, na wanyama wakamwandama Nguchiro kila alikokwenda, wakimzomea, "Mwizi! Maji umeyapeleka wapi?" Kwa Kiboko walipita kwa adabu, wakamwinamia na kumpa pole, maskini, mfalme wao mpendwa.

Nguchiro, manyoya yamemnyonyoka kwa mawazo, akaenda kumpigia magoti. "Mtukufu, nakusihi, twaa tena madaraka yako yote. Hata leo hii."

Kiboko akafumbua jicho moja. Nyasi za kuletewa zilikuwa zimemnenepesha kupita zamani.

"Nitawale mimi? Halafu nani azomewe?" Akapiga mwayo, akageukia ubavu wa pili. "Nenda, Waziri wangu. Nawasikia wanakuita."