Makochi ya Kuazima

Wakaguzi wa ufadhili walikuja Bongwe kuhakikisha kwamba kweli Hafswa hana uwezo wa kujilipia masomo ya sheria. Mama yake, kwa kuwa mgeni hapokewi kwa nyumba tupu, alikuwa ameazima karibu mtaa mzima: makochi, zulia, hata friji.

Hafswa alirudi kutoka kisimani akawakuta wageni wamezama kwenye makochi.

"Mashallah, mmejaaliwa," alisema mzee wao, huku akiandika.

Mama alitabasamu. Hafswa aliutazama waya wa friji, umelala sakafuni kama mkia wa paka. Nyumba yenyewe haina umeme.

Angenyamaza, heshima ya mama ingebaki, na ufadhili ungeondoka na wageni.

Alisimama mlangoni akapaza sauti. "Jamani majirani! Kila mtu aje achukue chake!"

"We mwana, waniumbua!" mama alinong'ona.

"Niwie radhi, mama. Naita mashahidi."

Jirani mmoja aliingia akimkodolea macho yule mzee. "Shikamoo, baba. Samahani, kochi ulilokalia ni langu."

Mzee akainuka. Hafswa akamtandikia mkeka uliochakaa pembe zote.

"Karibu ukae," alisema. "Huu ndio wetu."