Maji ya Mkwe

Meli ya matembezi ilitia nanga ili abiria wakizunguke kisiwa kile kidogo mpaka adhuhuri. Tunu alishuka ameshikana mikono na mumewe, Kheri, aliyemwapia kwamba naye hajawahi kukanyaga pale.

Kwenye nyumba ya kwanza mama mmoja alikuwa akiwanawisha wageni mikono, kama ilivyo desturi yao. Alipomwona Kheri aliangua kicheko, akachuchumaa na kummiminia maji miguuni.

"Mbona miguu?" Tunu aliuliza, naye akicheka.

"Mgeni hunawa mikono, mwanangu. Miguu tunamwosha mkwe." Akamgeukia Kheri. "Umetutupa, baba! Binti yangu kila meli ikipiga honi anakimbilia pwani. Na huyu nani?"

Kheri hakumtazama Tunu. "Dada yangu, mama."

"Kumbe wifi! Lete miguu, usione haya."

Tunu aliyatafuta macho ya mumewe, nayo yakakimbilia baharini. Akainama taratibu, akaanza kufungua kamba za viatu. Mama yule alikwisha kuinua kata, maji yakimchuruzika hadi kiwikoni, huku akimwita binti yake atoke nje aje amlaki wifi.